Bahari Inayokua Pamoja na Msomaji: Tathmini ya The Books of Earthsea

Nilipokuwa kidato cha tatu niliazima katika maktaba ya shule kitabu chembamba chenye jalada lililochakaa, A Wizard of Earthsea, na nikakisoma kwa siku mbili mfululizo hadi pale ambapo kijana Ged na rafiki yake Vetch wanatweka tanga kuelekea mashariki, wakikipita kisiwa cha mwisho kinachojulikana na mabaharia, ili kukifuata kivuli ambacho Ged mwenyewe ndiye aliyekifungulia mlango wa kuingia duniani. Hapo kitabu kikakatika. Karatasi za mwisho zilikuwa zimenyofoka, na nakala nyingine haikuwapo. Nilimaliza shule, nikaanza kazi, na kwa miaka yote hiyo wale vijana wawili walibaki baharini katika mawazo yangu. Siku niliyopata juzuu kubwa la The Books of Earthsea sikuanzia ukurasa wa kwanza. Nilitafuta sura ile ya mwisho na kuisoma nikiwa nimesimama, karatasi ya kufungia kitabu ikiwa bado mkononi.

Juzuu hili lilitoka mwaka 2018, miaka 50 tangu riwaya ya kwanza ichapishwe, na miezi michache baada ya mwandishi wake, Ursula K. Le Guin, kufariki dunia mwezi Januari akiwa na umri wa miaka 88. Ndani yake zimo riwaya zote tano za Earthsea, mkusanyiko wa hadithi uitwao Tales from Earthsea, hadithi fupi nyingine zilizokuwa zimetawanyika, pamoja na mhadhara alioutoa Oxford kuhusu jinsi alivyolazimika kuutazama upya ulimwengu alioubuni. Michoro ni ya Charles Vess, aliyeshirikiana na mwandishi kwa miaka kadhaa, na kazi hiyo ilipata Hugo, tuzo ya fasihi ya fantasia na ya kisayansi, mwaka 2019. Ni kitabu cha kurasa zinazokaribia 1,000, na mtu anayejiuliza kwa nini baadhi ya riwaya za fantasia humshika msomaji akiwa kijana na zisimwachie hata uzeeni, jibu atalipata humu bila kuhangaika.

Kwangu mimi niliyekulia pwani, mvuto wa kwanza ulikuwa bahari yenyewe. Earthsea ni dunia ya visiwa tu, mamia kwa mamia, ambako watu hujua pepo kwa majina na ambako mchawi asiyeweza kuendesha chombo hafiki popote. Iko sehemu ambayo nimeirudia mara nyingi kuliko idadi ninayoikumbuka. Ged, akiwa hana chombo, anafika kwa mvuvi mzee mwenye mashua mbovu inayovuja na macho yaliyofunikwa na mtoto wa jicho. Ged anayatibu macho ya mzee, anaikarabati mashua, na mzee anampa mashua hiyo kwa ombi moja: aipe jina la Lookfar, yaani Tazama-Mbali, na aichore macho mawili kwenye omo, ili shukrani za mzee zitazame kupitia mbao hizo na kumwepusha na miamba. Mtu aliyewahi kuyaona macho yaliyochorwa kwenye omo za madau ya Lamu, au kusikia habari za mitepe ya zamani, hatahitaji kuelezwa maana ya ombi hilo. Le Guin alizaliwa Berkeley, California, mbali sana na Lamu, lakini baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mwanaanthropolojia, na binti huyo alikulia katika nyumba ambamo desturi za watu wengine zilizungumzwa kwa heshima. Heshima hiyo inaonekana katika vitu vidogo kama macho ya mashua, na ndiyo inayoifanya dunia ya kubuni isimame kwa miguu yake.

Mvuto wa pili ni majina. Katika Earthsea kila kitu kina jina lake la kweli, na anayelijua jina hilo ana uwezo juu ya mwenye nalo. Kwa hiyo watu huitwa kwa majina ya kawaida tu, na jina la kweli huambiwa yule mtu unayeweza kumkabidhi uhai wako. Ged hujulikana kwa watu kama Sparrowhawk, yaani Kipanga. Baada ya kiburi chake kumponza katika shule ya wachawi ya kisiwa cha Roke, baada ya kivuli kumrarua uso na Mchawi Mkuu kupoteza maisha kwa ajili ya kuuziba mlango alioufungua, Ged anabaki mwenye makovu, mwenye kusitasita, aliyeachwa nyuma na wenzake. Ndipo Vetch, ambaye masomo yake yamekwisha na yuko njiani kurudi kwao, anapomwambia jina lake la kweli: Estarriol. Hasemi maneno mengi na hatoi nasaha. Anampa jina, na kwa kumpa jina anamwambia kwamba bado anamwamini kuliko Ged anavyojiamini. Nimesoma riwaya nyingi kuhusu urafiki, na sijui nyingine iliyolisema jambo hilo kwa neno moja.

Hapa lugha yetu inanifanya niione riwaya hii kwa namna ambayo huenda msomaji wa Kiingereza haioni. Sisi tunatofautisha mganga na mchawi. Wa kwanza huponya, wa pili huroga, na kumwita mtu mchawi ni kumshtaki. Ged si huyu wala si yule. Uwezo ule ule unaotuliza dhoruba katika kisiwa kimoja unaweza kuizusha katika kingine, na walimu wa Roke hufundisha kwanza kwamba usibadilishe hata kokoto kabla ya kujua mema na mabaya yatakayofuata. Msomaji aliyelelewa na hadithi za majini, au aliyesoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert shuleni na kuwaona ndugu waliogeuzwa manyani, anaujua tayari ulimwengu ambamo maajabu yana adabu yake na gharama yake. Katika fantasia hafifu uchawi ni bure, na ndiyo maana msisimko wake huisha siku ile ile kitabu kinapofungwa.

Wako wanaowalaumu wasomaji wa riwaya hizi kwamba wanayakimbia maisha. Lawama hiyo imejibiwa ndani ya kitabu chenyewe, tena kwa ukali. Ged anapozidiwa na kivuli anajigeuza kipanga na kuruka usiku na mchana hadi Gont, kisiwa alikozaliwa, kwa mwalimu wake wa kwanza, Ogion, na anakaa katika umbo la ndege muda mrefu kiasi kwamba anakaribia kusahau kuwa yeye ni mtu. Papo hapo tunaambiwa habari za mchawi wa kisiwa cha Way aliyependa kujigeuza dubu, hadi siku moja akamuua mwanawe mwenyewe msituni. Ogion anamrudishia Ged umbo lake, anamwacha apumzike kando ya moto, kisha anamshauri ageuke na kukifuata kile anachokikimbia. Sijui maelezo bora zaidi ya kimbilio ambalo fasihi ya aina hii hutoa. Mwaka niliokuwa nikimuuguza baba yangu nyumbani, nilikuwa nasoma The Farthest Shore, riwaya ya tatu, usiku akishalala. Ni riwaya inayohusu kifo na hofu ya kifo, na ingeonekana kuwa chaguo baya kwa wakati ule. Lakini saa moja ya kusafiri na mwanamfalme Arren hadi nchi kavu ya wafu ilinirudisha kitandani kwa baba nikiwa na utulivu ambao sikuupata kwingine, na asubuhi niliweza kumlisha uji bila mikono kunitetemeka.

Faida kubwa ya kuwa na hadithi zote katika juzuu moja ni kwamba unaona jinsi zilivyokua pamoja na mwandishi. Alipochapisha riwaya ya kwanza mwaka 1968 alikuwa hajafika miaka 40. Riwaya ya mwisho, The Other Wind, ilitoka mwaka 2001, akiwa amepita 70. Ya kwanza ni ya ujana na kiburi. The Tombs of Atuan ya mwaka 1971 inamhusu Tenar, msichana aliyechukuliwa kwa wazazi wake akiwa na miaka mitano na kufanywa kuhani wa miungu ya giza, na sura zake za njia za chini ya ardhi, ambako haruhusiwi kuwasha taa na lazima ahesabu mianya ya ukuta kwa vidole, ndizo sura bora zaidi katika kitabu kizima kwa maoni yangu. Kisha, baada ya The Farthest Shore ya mwaka 1972, kuna pengo la miaka 18, na inakuja Tehanu mwaka 1990. Humo Tenar ni mjane wa makamo mwenye mbuzi na bustani, analea mtoto aliyeunguzwa na watu waliopaswa kumlinda, na Ged anarudi nyumbani akiwa hana tena uwezo wowote. Katika riwaya ya kwanza kuna msemo wa watu wa Gont unaodai kwamba uganga wa wanawake ni dhaifu na muovu. Mwandishi aliuacha upite. Katika Tehanu anarudi kuuhoji, bila kuifuta kazi yake ya awali. Nilipoisoma nikiwa na miaka 20 ilinichosha. Nilipoisoma tena nikiwa na watoto, nilimwelewa Tenar kabla hajafungua kinywa.

Kuhusu michoro, nimeridhika kwa dhati. Le Guin aliandika waziwazi kwamba Ged ana ngozi ya kahawia yenye wekundu na Vetch ni mweusi, lakini kwa miongo mingi majalada yalimchora Ged kama Mzungu, na tamthilia ya televisheni ya mwaka 2004 ilifanya hivyo hivyo, jambo ambalo mwandishi alilipinga hadharani. Vess amewachora kama walivyoandikwa.

Kasoro zipo. Juzuu ni zito mno. Halisomeki ukiwa umelala chali wala halifai kubebwa kwenye daladala, na nakala yangu ilifika kona moja ikiwa imebonyea. Bei yake si ya mwanafunzi. Hadithi za Tales from Earthsea hazilingani kwa ubora, ingawa ni lazima uzisome kabla ya The Other Wind, la sivyo utapotea. Kiingereza chake ni safi na cha maneno ya kawaida, chenye mwendo wa msimulizi wa barazani, na mwanafunzi wa sekondari mwenye bidii atakiweza. Kwa anayeanza, ningeshauri anunue kwanza riwaya ya kwanza peke yake, kitabu chembamba cha mkononi, ahakikishe kurasa zake zote zipo, kisha alitafute juzuu hili atakapojua kwamba hatoki tena.

Karibu na mwisho kuna hadithi fupi iitwayo Firelight, ambamo Ged ni mzee, yuko kitandani kando ya moto, akizikumbuka safari zake huku Tenar akiwa karibu. Nimeisoma mara moja. Kitabu kiko mezani, utepe wangu uko katika ukurasa ule wa mashua yenye macho, na binti yangu, ambaye mwaka huu yuko kidato cha kwanza, ameshaanza kuuliza kivuli kile ni nani.