Koti la mvua la baiskeli: tazama mgongo kabla ya bei

Januari iliyopita nilifika ofisini Mtumba, hapa Dodoma, nikiwa mkavu kifuani, mkavu mabegani, na nimelowa kiunoni kama mtu aliyekalia beseni la maji. Koti lilikuwa jipya, nimelinunua kwa shilingi 85,000 katika duka moja la mjini, na muuzaji alikuwa ameniapia kwamba halipitishi maji. Hakunidanganya, kwa sababu kitambaa chenyewe hakikupitisha hata tone. Kilichoniponza ni ufupi wa mgongo: nilipoinama kushika usukani, koti lilipanda na kuacha wazi upana wa kiganja juu ya suruali, mahali hasa ambapo gurudumu la nyuma la baiskeli isiyo na madigadi hurusha maji na tope. Fulana ya pamba niliyoivaa ndani iliyafyonza maji hayo kama utambi wa koroboi unavyofyonza mafuta ya taa, na nilipofika Nanenane, pale Nzuguni, baridi ilikuwa imekwisha kupanda hadi katikati ya mgongo.

Rangi, mifuko na saizi kila mtu anaweza kujichagulia, kwa hiyo sitavizungumzia. Nitazungumzia mgongo, kwa kuwa sijaona muuzaji anayeutaja. Makoti mengi hushonwa kwa ajili ya mtu aliyesimama, na kioo cha dukani humwonyesha mteja akiwa amesimama vilevile, hivyo kasoro hii haionekani mpaka siku ya mvua. Ukienda kununua, vaa koti, funga zipu mpaka juu, kisha inama juu ya meza ya muuzaji mikono ikiwa mbele kama uliyeshika usukani, na umwombe mwenzako aweke kiganja kiunoni mwako. Akigusa fulana, livue ulirudishe. Mimi siku hizi hubeba na utepe wa fundi cherehani: lile koti la Januari lina sentimita 61 kutoka mfupa wa shingo hadi kwenye pindo la nyuma, na ninalolivaa sasa lina 76. Wachuuzi hucheka wakiniona nimeinama juu ya marobota yao, lakini anayecheka hapigi pedali kilomita 17 asubuhi.

Nafasi ya kwanza naipa Endura, na ninakiri kwamba nina upendeleo. Ni kampuni ya Uskochi iliyoanza mwaka 1993, katika nchi ambayo mvua haimshangazi mtu, na makoti yake niliyoyashika yamekatwa nyuma yakiwa marefu kuliko mbele, yana mpira kwenye pindo ili yasipande, na mikono yake haivutiki kuelekea kwenye kiwiko unaponyoosha mkono. Hapa Dodoma huyapati mapya. Huletwa na mitumba, na langu nililipata Sabasaba kwa shilingi 35,000 baada ya wiki sita za kuvizia mizigo inapofunguliwa. Kabla ya kulipa, ligeuze ndani nje na ukwaruze kwa ukucha utepe uliobandikwa juu ya mishono. Ukibanduka, au utando wa ndani ukitoka kama magamba ya samaki, maji yatapita hapo hata kama nje koti linang'aa.

Nafasi ya pili ni makoti ya kupandia milima yenye utando wa Gore-Tex. Utando huo una vitundu vidogo mno kuliko tone la maji, lakini vikubwa vya kutosha kupitisha mvuke wa jasho, na kazi hiyo huifanya vizuri. Tatizo ni kwamba mpanda mlima hutembea wima, kwa hiyo mgongo wake mara nyingi ni mfupi, na kofia yake kubwa hukamata upepo na kukuziba macho unapogeuka kutazama lori. Makoti ya mpira ya bodaboda ni marefu na ya bei nafuu, ila jasho halina pa kutokea, na utafika umelowa kwa maji yako mwenyewe. Ponjo la nailoni, lile shuka la mvua lenye tundu la kupitishia kichwa, hugeuka tanga mara upepo wetu unapolikamata.

Chini ya koti, anza na jezi ya mpira wa miguu, ya Simba au ya Yanga, sitaingia katika ugomvi huo. Poliesta, kitambaa cha jezi hizo, haifyonzi maji karibu kabisa, hukauka ukiwa bado njiani, wakati pamba huyashikilia mwilini, na maji hupokonya joto la mwili takribani mara 25 kuliko hewa. Asubuhi za Julai, joto linaposhuka hadi nyuzi 14 hivi na upepo wa kusini mashariki ukikukabili njia nzima, ongeza katikati sweta jembamba la sufu, kwa kuwa sufu hufyonza karibu theluthi ya uzito wake bila mvaaji kuhisi unyevu. Kama lebo imekatwa, omba uzi mmoja wa pindoni uuchome: sufu hunuka nywele zilizoungua na kubaki jivu linalosagika, ilhali poliesta huyeyuka na kuganda kama ushanga.

Na lebo hukatwa mara nyingi, jambo linaloniudhi kuliko bei, maana mteja hunyimwa kujua koti ni la kitambaa gani na linafuliwaje. Wachuuzi wengine huyapiga pasi ya moto makoti ya plastiki ili yanyooke, na utando ukishayeyuka hakuna fundi wa kuurudisha. Halafu kuna bei ya wingu. Agosti niliulizia koti katika mnada wa Msalato nikaambiwa shilingi 20,000; Desemba, manyunyu ya kwanza yakiwa yameanza, nikalikuta palepale limetundikwa, lina vumbi lilelile mabegani, na kijana akaniambia, "Dada, hili ni elfu hamsini, mzigo mpya huu." Nililigeuza, nikainama juu ya meza yake, na mgongo ulikuwa mfupi.