Notisi yangu imeenda kwa nani?

Nianze na sifa za benki yangu, maana nikishapandisha hasira nitazisahau.

Kwa miaka mingi bahasha zangu za benki zilikuja kwa S.L.P. ya shule ninayofundisha. Sanduku la kwangu sina, na wengi wetu hatuna. Barua inapitia kwa karani, inalala mapokezi, na siku ukiipata ina duara la kikombe cha chai na imefunguka pembeni "kwa bahati mbaya". Statimenti ya Januari nimewahi kuisoma Pasaka. Kwa hiyo binti wa benki aliponiambia nijaze fomu ili makaratasi yote yahamie kwenye simu na imeili, niliijaza nimesimama, hata kiti sikukitaka.

Na statimenti zenyewe sina ugomvi nazo. Naivuta mwenyewe kwenye programu ya benki, saa tano usiku nimejilaza, naona makato ya miezi mitatu yamejipanga. Hakuna foleni, hakuna karani wa kujua mshahara wangu. Ningeishia hapo ningewapa nyota zote.

Tatizo ni notisi.

Nilikuwa nimefiksi shilingi milioni 6 kwa miezi sita, yaani nimeziweka benki kwa muda maalumu bila kuzigusa, zizae riba. Nyumba yangu ya Chanika ukuta ulikuwa umefika kwenye linta, fundi ameshapiga hesabu ya mbao za kenchi na bati, tunasubiri fiksi iive tupaue kabla ya masika. Riba ya fiksi si ya kutajirisha mtu, na hiyo hiyo inakatwa kodi ya zuio asilimia 10, lakini angalau ilinizuia kuila ile hela.

Nikaenda tawini mwanzoni mwa mwaka, tarehe siikumbuki, ila ni wiki ile Dar hakulaliki kwa joto. Kijana wa huduma kwa wateja akanipa shikamoo nzuri tu. Akagonga gonga kompyuta yake.

"Mama, hii imeshajiendeleza yenyewe. Itaiva tena baada ya miezi sita."

"Nani kaiendeleza?"

"Mfumo. Usipoleta maelekezo kabla ya siku ya kuiva, inaendelea. Tulikutumia notisi."

"Sijaona notisi, mwanangu."

"Mfumo unaonyesha imeenda."

"Imeenda wapi?"

"Imeenda, mama."

Hilo "imeenda" alilitamka kama mtu anayemfukuza kuku jikoni. Nikamwomba ageuze kioo nione. Akasema hairuhusiwi. Nikamwambia basi nisomee herufi za hiyo imeili mliyotumia. Akasoma kwa uvivu, na hapo nikaisikia: jina langu ni Mwanaasha, a mbili zimefuatana, wao wamebakiza moja. Notisi zangu zimekuwa zikienda kwa Mwanasha fulani ninayemwombea heri popote alipo.

Unajua alisemaje? "Labda uliandika hivyo mwenyewe kwenye fomu."

Mimi nasahihisha insha za watoto 70 kwa mkondo mmoja, halafu nikosee jina alilonipa bibi yangu. Nikafungua pochi. Nakala ya fomu ninayo, ile ya chini yenye wino wa kaboni, na a zangu mbili zimekaa kama pacha. Kijana akaiangalia, akainuka, akaniacha pale karibu nusu saa. Pole hakunipa. Mpaka leo kinachoniuma kuliko hela ni ile pole.

Halafu jambo hili nalifikiria nikiwa hata kwenye daladala: namba yangu ya simu wanayo, na haina kosa. Wakikata ada ya mwezi, meseji inafika kabla sijakunja pochi. Wakitangaza mikopo ya sikukuu, meseji. Bahati nasibu ya wateja, meseji mbili. Lakini kuniambia kwamba milioni 6 zangu zinakaribia kufungiwa tena, hapo ndipo wanakumbuka imeili, na ya mtu mwingine.

Msimamizi wake, dada mmoja mtaratibu, alinieleza kwamba naweza kuivunja fiksi lakini riba ya kipindi kipya sitaipata. Nikavunja. Ningefanyaje? Na katika siku za kungoja hela iachiwe, fundi akapata kazi Mbande akaondoka na vijana wake. Masika yakaanza. Nimekwenda juzi, maji yamesimama sebuleni na vyura wameshahamia kabla yangu.

Kwa walioko kwenye hali kama hii: lalamika kwa maandishi benki kwenyewe kwanza, maana Benki Kuu inapokea malalamiko ya wateja lakini itakuuliza kama ulianzia huko. Na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inamtaka anayetunza taarifa zako ahakikishe ni sahihi. Nilipoitaja, yule dada aliacha kuchezea kalamu.

Sasa nimeambiwa naweza kurudi kwenye karatasi nikitaka. Nilisema ndiyo, kwa hasira. Nikafika mlangoni, nikamkumbuka karani wa shule na kikombe chake, nikageuka nikasema hapana, acheni hivyo hivyo. Kesho yake nikajuta tena. Kusema kweli sijui niwashauri nini. Statimenti ya kwenye simu chukueni, nzuri. Notisi msiziamini mpaka muone ya kwanza imeingia kwa macho yenu, na ile nakala ya fomu msiitupe hata iwe imefifia vipi.

Barua yangu ya malalamiko niliipeleka kwa mkono, nikasubiri nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Kijana ni yule yule. Akasema majibu yatakuja kwa imeili.

Nikavuta kiti, nikakaa. Nikamwambia, haya baba, nisomee.

"M, w, a, n, a..."

"Endelea."

"...a."

"Ehee."