Kamusi ya Kigiriki ya mtumba, Mwembe Tayari

Nimeichukua kwa muuza vitabu wa barabarani hapa Mwembe Tayari, Mombasa, mia sita tu, jalada limelegea na maandishi madogo mpaka macho yauma, lakini jamani nilipofika kwa neno epiousios nikakaa kitako. Ndo lile neno linalousifia mkate kwenye sala ya Baba Yetu, Mathayo 6:11 na Luka 11:3, kwengine kwenye Biblia halimo kabisa, Origen, mwanachuoni Mkristo wa kale, alihisi waandishi wa Injili walilibuni wenyewe! Jerome, aliyeitafsiri Biblia kwa Kilatini, kwenye Mathayo akaweka mkate upitao asili, kwenye Luka akaweka wa kila siku. Wengine wasema ni mkate wa kesho, na mie nafanya vibarua bandarini, hiyo ya kesho imeniingia sana. Muuzaji mpole, hukuacha usome kwanza.