Tarehe 3 mwezi wa 11 si tarehe 11 mwezi wa 3

Naandika haya bado nina hasira, ingawa mambo yenyewe yamepita muda. Kama ofisi yenu inatunza kumbukumbu za watu kwenye kompyuta na mnafikiria kuhamia toleo jipya la programu ya kanzidata, someni kwanza kabla fundi hajagusa chochote. Programu siitaji kwa jina, wala kampuni iliyotuuzia. Yaliyotukuta yanaweza kumkuta yeyote mwenye safu ya tarehe.

Mimi ni karani wa mikopo kwenye SACCOS ya mji mdogo mkoani Tanga. Wanachama wetu ni walimu, wauguzi wastaafu, mama ntilie, wakulima wa machungwa. Programu ya zamani tulikaa nayo miaka mingi, na tarehe zake zote zilikuwa zimeingizwa kama maandishi ya kawaida tu: siku, mkwaju, mwezi, mkwaju, tarakimu mbili za mwaka. Kwa kompyuta, maandishi ya namna hiyo hayana tofauti na jina la mtu. Ukiiambia ipange mikopo kwa tarehe, inaanza na tarehe mosi za miezi yote na miaka yote, halafu tarehe mbili zote, halafu tatu. Kutafuta mikopo iliyotolewa mwezi mmoja ilikuwa kazi ya asubuhi nzima. Bodi ilipokubali kununua toleo jipya, mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote.

Na nisiwe mnyimi wa haki: siku za kwanza niliipenda. Ripoti ya mwisho wa mwezi iliyokuwa ikinikalisha ofisini mpaka magharibi ilitoka kabla chai haijapoa. Kama ningeandika maoni yangu wiki ile, ningeipa nyota tano na kuwaambia wenzangu wa SACCOS nyingine wakimbilie.

Fundi wa kampuni alikuja siku moja, akaleta kompyuta mpya, akahamisha kumbukumbu zote mchana mmoja. Nilisimama nyuma yake. Alibonyeza kitufe, mstari wa kijani ukatembea, kisha kikatokea kisanduku: uhamishaji umekamilika, makosa 0. Akageuka akatabasamu. Sifuri ile nimeibeba moyoni mpaka leo.

Ilikuwa kama katikati ya mwaka Bibi alipokuja. Jina lake nalihifadhi. Ni mkunga mstaafu, nusu ya watu wa mtaa wetu wamepita mikononi mwake, nami mmojawapo. Nilimwamkia, "Shikamoo Bibi," akaitikia marahaba bila kuniangalia. Akaweka barua juu ya meza, ina nembo yetu na sahihi ya meneja wetu. Barua ilisema mkopo wake ulipaswa kumalizika miezi mitatu iliyopita, bado marejesho matano hayajalipwa, faini inaendelea kuhesabiwa, na wadhamini wake wamearifiwa.

Wadhamini wamearifiwa! Asiyejua mji mdogo hawezi kuelewa uzito wa maneno hayo. Mdhamini wake mmoja ni shemeji yake, wa pili ni mama wanayeswali naye. Wote wawili walikuwa wameshapata nakala. Bibi aliniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mimi sijawahi kulala na deni la mtu likiwa limepita siku yake." Nilifungua jina lake kwenye kompyuta nikaona maandishi mekundu. Na hapa ndipo ninapojilaumu kweli: niliiamini kompyuta. Nilimwambia labda amesahau, akakague vizuri nyumbani.

Hakubishana. Alifungua bahasha ya kaki akatoa stakabadhi zake zote, zimefungwa kwa mpira, kuanzia ya kupokea mkopo. Ya juu kabisa ina muhuri wetu wenyewe, ule muhuri wa mpira tunaouzungusha kila asubuhi: 03 NOV 2021. Mkopo wa miezi 24. Maana yake unaisha tarehe 3 Novemba 2023, na ameshalipa marejesho 19 bila kuruka hata moja. Kwenye kompyuta mkopo huohuo ulikuwa umetolewa tarehe 11 Machi 2021.

Nilimpigia fundi simu Bibi akiwa amekaa palepale. Nikamweleza. Akanijibu, "Dada yangu, kompyuta haikosei. Anayekosea ni anayeingiza." Nikamwambia kumbukumbu hii hakuna aliyeiingiza upya, ameihamisha yeye. Akasema tarehe ni tarehe, tuangalie vizuri maandishi yetu ya zamani, yeye ana wateja wengine. Akakata simu. Nimewahi kujibiwa vibaya na wanachama wenye shida zao, nikavumilia. Kujibiwa hivyo na mtu tuliyemlipa, mbele ya mama wa umri ule, sijavumilia na sitavumilia.

Jibu lilinijia jioni ya siku hiyo, nilipofungua orodha ya siku za kuzaliwa. Wazee wetu wengi waliojua mwaka tu wa kuzaliwa waliandikishwa tarehe 01/07, ndivyo makarani waliotutangulia walivyofanya. Sasa wote walikuwa wamezaliwa tarehe 7 Januari. Wote! Niliinuka kwenye kiti. Kompyuta mpya ilikuwa imekuja na mpangilio wa Marekani, ambako mwezi huandikwa kwanza na siku baadaye. Sisi husema tarehe tatu mwezi wa kumi na moja, na tunaandika kama tunavyosema. Mashine ikasoma mwezi wa tatu, siku ya kumi na moja.

Kinachonichoma ni namna ilivyofanya. Ilipofika kwenye tarehe kama 25/07, haikuweza kuusoma mwezi wa 25, kwa hiyo kimyakimya ikaisoma kama tunavyoisoma sisi, Julai 25, sawasawa. Haikuuliza. Haikusimama ikasema, jamani, orodha hii hii inasomeka kwa njia mbili, mlimaanisha ipi? Ilipoweza kugeuza iligeuza, iliposhindwa ikaacha, halafu ikaandika makosa 0. Nimekaa nikahesabu kwa kalenda: tarehe ambazo siku yake haizidi 12 ni 144 kwa mwaka. Toa 12 ambazo siku na mwezi ni namba moja, kama 05/05, zinabaki 132. Siku 132 kati ya 365 zinaweza kugeuka bila alama yoyote. Ni zaidi ya theluthi moja. Ukikagua kumbukumbu mbili tatu za juujuu, kama alivyofanya fundi wetu, na bahati ikakuangushia za tarehe 19 na 28, utaondoka umeridhika kabisa.

Na kwa Bibi tofauti ilikuwa siku 237. Hili nililiona kwa bahati nilipobadilisha mwonekano wa safu ile: tarehe zikapotea, zikabaki namba tupu. Kumbe ndani ya programu hakuna siku wala mwezi. Ndani mna hesabu ya siku tu, sifuri yake ikiwa 30 Desemba 1899, na kila kukicha inaongezeka moja. Tarehe 3 Novemba 2021 ni 44503. Kompyuta ilikuwa imemwandikia Bibi 44266. Toa mwenyewe uone. Siku 237 za uaminifu wa mtu zilikatwa hapo, na aliyezikata alituambia hakuna kosa.

Kuna mzee mmoja, kati ya waanzilishi, aliyezaliwa 1928. Yeye alikuwa ameandikwa mwaka 2028. Miaka yetu ilikuwa na tarakimu mbili, na programu ina mpaka wake: 30 hadi 99 inasoma miaka ya 1900, 00 hadi 29 inasoma miaka ya 2000. Hilo angalau lilionekana haraka, kwa sababu umri wake ulitoka na alama ya kutoa mbele.

Nilipomrudia fundi na ushahidi huu, alinyamaza kidogo, kisha akaniongoza kwa simu kubadilisha mpangilio wa nchi kutoka Marekani kwenda Uingereza. Akasema tumemaliza. Nilimshukuru, Mungu anisamehe, nilimshukuru. Kumbe alikuwa ametuongezea. Mpangilio ule hubadilisha namna kompyuta inavyosoma tarehe mpya na kuonyesha zilizopo. Zilizokwisha geuzwa hazirudi, maana ndani zimeshakuwa namba. Na kabla ya hapo kosa letu lilikuwa na utaratibu: kila tarehe iliyoonyesha siku 12 au chini yake ilikuwa imegeuzwa, ungeweza kuzigeuza zote kwa mkupuo mmoja na kila kitu kikakaa sawa. Baada ya hapo tukawa tunaingiza tarehe sahihi juu ya zile mbovu, wiki karibu tatu, zikachanganyika kama mchele na mawe. Hakuna tena kanuni ya kuzitenganisha. Mtu aliyesomea kazi hii angelijua hilo. Angeniambia, dada, msiingize kitu kwanza.

Kilichotuokoa ni flashi ya mtunza fedha. Kabla ya uhamisho alichukua nakala ya faili la zamani akaifungia kwenye kasha pamoja na vitabu vya stakabadhi, bila kuambiwa na mtu. Fundi alikuwa ameshafuta diski ya kompyuta ya zamani. Kijana wa mwalimu mmoja, anayesoma chuo, alikuja Jumamosi akatusaidia kuhamisha upya. Hapo ndipo nilipoona kitu kilichonirudisha nyuma: kwenye dirisha la kuhamishia, pembeni, kuna kitufe kidogo cha mipangilio zaidi. Ukikibonyeza unachagua mwenyewe mfuatano, siku, mwezi, mwaka, na tarakimu za mwaka ni mbili au nne. Kilikuwepo siku zote.

Kwa hiyo nilitaka kuibadilisha hukumu yangu. Nikasema programu haina kosa, kosa ni la mtu aliyelipwa kuijua na hakuijua. Nilikuwa nimeshaanza kuandika hivyo. Lakini kila nikifikiria, nakataa. Kitufe kinachoamua jina jema la mtu hakiwekwi pembeni. Programu inayojua kuhesabu siku tangu 1899 inaweza kuona kwamba kwenye safu moja tarehe nyingine zimekubali mwezi kwanza na nyingine zimekataa. Hiyo ni dalili tosha ya kusimama na kuuliza. Waliotengeneza walichagua isiulize, nasi tukapeleka barua.

Baada ya kuhamisha upya tulikaa siku nne na leja, tukaingiza moja moja kila kilichofanyika tangu fundi aondoke. Kijana yule alituonyesha pia namna ya kuhakiki, na hii naiomba kila ofisi ifanye: kabla ya kuhamisha, hesabu mikopo iliyotolewa kila mwezi, iandike kwenye karatasi, kisha hesabu tena upande wa pili. Ungefanya hivyo kwetu ungeona mara moja, kwa sababu Desemba, mwezi ambao huwa hatutoi mikopo mipya, ilikuwa imejaa mikopo, yote ya tarehe 12 za miezi mingine. Akatufundisha na mtindo wa kuandika mwaka kwanza, mwezi, kisha siku, ambao ni kanuni ya kimataifa tangu 1988. Sisi tumechagua kuonyesha mwezi kwa herufi, Nov, Jul, kama muhuri wetu wa mpira unavyofanya. Muhuri ule haujawahi kumdhalilisha mtu.

Mnauliza bado tunaitumia? Tunaitumia. Ni ya haraka, haijanipoteza tena, na kurudi kwenye ile ya zamani siwezi. Kwa kazi ya kila siku ingepata nyota nne. Kwa ile sifuri naipa moja, na jana nilitaka kuandika mbili, leo nimerudi kwenye moja. Kampuni iliyotuhudumia sina nyota ya kuipa. Hawajaomba radhi mpaka leo, si kwetu, si kwa Bibi.

Sisi tulikwenda. Meneja na mimi tulifika nyumbani kwake, tukapeleka barua ya kufuta barua, kisha tukapita kwa wadhamini wake wote wawili, mmoja baada ya mwingine, tukasema kwa midomo yetu kwamba mwenye kosa ni ofisi. Bibi alitukaribisha uji. Alilipa rejesho la mwisho Novemba ileile, siku yake, na nilipokuwa namwandikia barua ya kumaliza mkopo alinyoosha kidole kwenye nafasi ya tarehe. "Hapo, mwanangu, andika jina la mwezi." Nikaandika Novemba, kwa kalamu, akasoma, akaikunja akaitia kwenye bahasha ya kaki.