The Terminal Man: kitabu kilichowagombanisha wasomaji wangu

Assalam aleikum jamani, hamjambo. Leo nina kitabu ambacho kila ninayemuazima anakirudisha na maneno. Hiki hapa, tizameni. Gamba limeshachoka. Mtalii alikiacha Paje, kikaangukia kwenye mitumba ya Darajani, Unguja, nami nikakiokota hapo. The Terminal Man, cha Michael Crichton, yuleyule wa Jurassic Park. Kimetoka 1972. Ni cha Kiingereza, lakini Kiingereza chepesi, sentensi fupi fupi. Aliyemaliza fomu foo hapati tabu, ila kwenye majina ya kidaktari.

Ni riwaya ya kubuni ya kisayansi, lakini haina vyombo vya angani wala viumbe vya ajabu. Mambo yote yanapita Los Angeles, siku tano tu za mwezi wa Machi 1971. Mwandishi alichukua hospitali aliyoijua, maana mwenyewe alisomea udaktari Harvard, akaisogeza mbele kidogo tu.

Kisa chenyewe: Harry Benson ni mtaalamu wa kompyuta. Kapata ajali ya gari, ubongo ukaumia, na tangu hapo anashikwa na kifafa, na akishikwa anakuwa mtu mwengine, anapiga watu. Madaktari wanamfungua kichwa wanamtia elektrodi 40, yaani ncha ndogo za waya za kupitisha umeme ubongoni. Zinasimamiwa na kompyuta ndogo, na betri yake ya plutoniamu, madini ya nyuklia, imezikwa begani, chini ya ngozi. Kompyuta ikihisi kifafa kinakuja, inapeleka umeme kidogo, kifafa kinakatika, na Benson badala ya kutetemeka anasikia raha.

Hapo pa raha ndipo penye kitabu chote. Kuna sehemu wanamjaribu baada ya upasuaji, wanawasha elektrodi moja moja wanamuuliza anahisi nini. Moja inamtia haja ndogo. Nyengine inampa furaha mpaka anaomba waiwashe tena. Wao wanaandika kwenye karatasi, basi, wanakwenda kwenye inayofuata. Mie hapo nikashusha kitabu. Nyinyi madaktari hamjamsikia huyu mtu anaomba tena?

Mtoto ukimpa ubuyu kila akilia, wiki haimaliziki atakuwa analia ili apate ubuyu. Ubongo wa Benson nao unajifunza. Kifafa kikija, raha inakuja, basi kije. Kinaanza kuja kila baada ya muda mrefu, halafu mfupi, halafu mfupi zaidi. Madaktari wamekaa mbele ya mchoro, mstari unapanda, na wanaweza hata kukisia saa ambayo ubongo hautopumzika tena: asubuhi, kiasi cha saa kumi na mbili. Na mgonjwa hayupo kitandani, keshatoroka. Sisemi zaidi.

Yumo pia daktari wa akili, Janet Ross, aliyekataa tangu mwanzo. Hoja yake nyepesi: Benson anaamini kwamba mashine zinataka kuitawala dunia. Mtu mwenye imani hiyo ndiye mnayemtia mashine kichwani? Wanamsikiliza, wanatikisa vichwa, wanakwenda zao tiyeta kupasua. Nesi mmoja wa Chake aliyekisoma aliniambia huyo Ross ndiye mtu pekee mle ndani ambaye angekubali kufanya naye kazi.

Haya, maoni ya wengine. Kijana wa chuo alikirudisha baada ya siku chache, anasema kimepitwa. Kompyuta za hospitali zinakula chumba kizima, na hiyo plutoniamu begani kaichekea sana. Yakhe, usicheke. Mwaka 1970, mjini Paris, binaadamu aliwekewa kifaa cha kusukuma mapigo ya moyo kinachotumia plutoniamu. Hakikuwa cha hadithi. Na kabla ya hapo, 1963, huko Córdoba, Uhispania, mwanasayansi José Delgado alisimama uwanjani mbele ya fahali aliyetiwa waya ubongoni. Fahali akamjia, Delgado akabonyeza kidude cha redio, fahali akasita. Wapemba, nyinyi mnaoujua mchezo wa ng'ombe, nifikirieni mtu kasimama mbele ya dume, mkononi ana rimoti tu.

Lakini la kumjibu khasa ni hili. Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha kifaa kiitwacho RNS, kwa wagonjwa wa kifafa ambao dawa hazijawasaidia. Kinakaa kwenye fuvu, kinasikiliza mawimbi ya ubongo, kikiona dalili kinapeleka umeme kidogo. Si ndio kile kile cha Benson? Tofauti ni kwamba kwa kawaida mgonjwa hahisi kitu umeme ukipita. Waliotengeneza cha kweli hawakumpa mtoto ubuyu.

Wengi wenu mtaniuliza habari ya Neuralink, kile kifaa cha kutiwa ubongoni cha kampuni ya Elon Musk. Ile ni nyengine. Mtu wa kwanza alitiwa Januari 2024, kijana aliyepooza, Noland Arbaugh, akacheza chesi kwa kuwaza tu. Kile kinasoma ubongo unataka nini, hakiupi kitu. Cha Benson kinaupa. Mkisoma mkiwa na hilo kichwani, kitabu kinatisha mara mbili.

Fundi simu mmoja wa hapa mjini yeye kalalamika kwamba nusu ya kwanza ni hospitali tu, hospitali tu, mpaka usingizi. Kweli, fujo inachelewa. Mie hiyo nusu ndiyo niliyoipenda, na hiyo ya kukimbizana ningeipunguza. Tumekubaliana kutokukubaliana.

Sasa aliyekasirika. Msomaji wa Wete, mdogo wake ana kifafa. Alifika pale Benson anapoua, akakifunga. Maneno yake: "Mdogo wangu akianguka watu wanakimbia, wanasema povu linaambukiza. Sasa huyu anawaongezea kwamba ataua." Nilimsikiliza nikakosa la kumtetea mwandishi.

Na kweli hakuna. Mtu aliyeshikwa na kifafa hana uwezo wa kumpangia mwenzake shari. Anayekuwa hatarini ni yeye mwenyewe, khasa akiangukia motoni jikoni, au kisimani, au yuko baharini na mtumbwi. Povu ni mate, haliambukizi chochote. Mwandishi mwenyewe baadaye aliandika kwamba uhusiano baina ya maradhi ya ubongo na ukatili si wazi kama alivyodhani alipokuwa anaandika riwaya. Vizuri kasema, lakini hadithi ilishatembea dunia nzima, na anayeokota nakala kuukuu mitumbani anapata hadithi tu.

Sie hapa tuna watu wanafichwa majumbani, skuli wametolewa, eti wamepandwa na shetani. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa zinazowafaa. Vidonge, si upasuaji. Kombe, yale maji ya aya, anywe, dua asomewe, hakuna anayekataza, ila vidonge asiviache. Hili silisemi kama daktari, nalisema kwa sababu nimeona watu wawili watatu wanakisoma kitabu wanatoka na woga wa mgonjwa, wakati cha kuogopa mle ndani ni wale waliokuwa na haraka ya kuwa wa mwanzo duniani.

Basi nawapendekezea? Ndiyo, na sio kila mtu. Wanafunzi wa uuguzi na udaktari, kisomeni, na mkimaliza mjadiliane nani alimuuliza Benson anataka nini. Wanaopenda kompyuta, mtafurahi na ule mchoro wa saa kumi na mbili. Vijana wa skuli za kati, ngojeni, kuna mauaji ya kutisha na mambo ya watu wazima. Mwenye mgonjwa nyumbani, ukikisoma, soma ukijua kwamba Benson si jamaa yako.

Kuna filamu pia, ya 1974, George Segal ndiye Benson. Anzeni na kitabu, kile kizunguko cha raha kinaeleweka zaidi kwenye karatasi.

Na bei, maana najua mtaniuliza. Kwa nakala ya mtumba mie sitoi zaidi ya elfu tano. Muuzaji akikutajia elfu kumi na tano kwa sababu kaona umelitambua jina la mwandishi, muachie, jifanye unaondoka, atakuita.