Miguu mipya ya ndege yangu ya rimoti: waya wa springi, kibao cha plaiwudi na fundi wa Unga Limited

Nianze na jibu, maelezo yafuate. Seti ya miguu ya waya wa springi wa milimita 3 yenye matairi ya milimita 76, niliyoagiza mtandaoni, ni nzuri. Lakini ukiichomeka tu palepale ilipokuwa miguu ya zamani, hela yako imekwenda bure. Kilicholeta mabadiliko ya kweli ni kibao kidogo cha plaiwudi kilichokaa tumboni mwa ndege, pamoja na mkono wa fundi chuma mmoja wa Unga Limited hapa Arusha. Kwa hiyo maoni haya ni ya vitu viwili, bidhaa na fundi, na fundi nampa alama nyingi zaidi.

Ndege yenyewe ni ya mafunzo, bawa liko juu, mota mbele, urefu wa mabawa mita 1.1, na uzito wake ni kama gramu 900 ikiwa na betri ya seli tatu ya mAh 2,200. Povu lake ni EPO, lile linalobonyea bila kumeguka punjepunje, tofauti na povu jeupe la maboksi ya samaki. Ilikuja na gurudumu moja mbele na mawili nyuma, matairi madogo ya milimita 50 hivi, na waya umechomekwa kwenye kipande cha plastiki kilichogundishwa ndani ya povu. Kwenye lami au sakafu ya zege mpangilio huo unafanya kazi vizuri tu. Sisi lami ya kurukia hatuna. Tunarushia kwenye uwanja wa mpira, nyasi zake zikikatwa zina sentimita tano, zisipokatwa usiulize, na pembeni kuna changarawe na vishimo vya ng'ombe waliopita mvua ikinyesha.

Tairi lenye nusu kipenyo cha sentimita mbili na nusu likiingia kwenye nyasi za sentimita tano haliviringiki tena, linazama. Gurudumu la mbele linakwama, ndege inabinuka, propela inachimba udongo. Na pale ambapo haibinuki, nguvu yote ya kukwama inapanda kwenye waya, inaingia kwenye kile kiplastiki, nacho kinang'oka na kipande cha povu. Ukigundisha tena, mara ijayo kinang'oka na kipande kikubwa zaidi, maana gundi inashika povu kuliko povu linavyojishika lenyewe. Yeyote anayerusha kwenye viwanja vyetu ameliona shimo hilo tumboni mwa ndege yake au ya mwenzake.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wa huku juu hatulitilii maanani. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ina kama asilimia 87 tu ya uzito wa hewa ya Dar es Salaam, hivyo ndege ileile ili ibebwe na hewa hii lazima iende kwa kasi zaidi, karibu asilimia 7. Asilimia 7 inaonekana ndogo, ila nguvu ya mwendo hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo magurudumu yanapogusa ardhi yanapokea takriban asilimia 15 zaidi ya yale ya mwenzetu anayetua Dar. Video za watu wa pwani wakitua kwa ulaini na miguu ya kiwandani zisikudanganye. Mzigo wetu ni mwingine.

Seti ilifika imefungwa vizuri: waya mmoja mnyoofu, matairi mawili mepesi ya povu yenye kitovu cha plastiki, na vikola vinne vya kuzuia tairi lisitoke kwenye ekseli. Waya ni wa springi kweli. Ukiukunja kidogo kwa mikono na kuuachia, unarudi ulikotoka. Usiukate kwa koleo la kawaida, utang'oa meno ya koleo lako. Tumia diski ya kukatia au tupa. Vikola ni vya wastani, na skrubu zake ndogo zinalegea usipousugua waya kwa tupa ukapata sehemu bapa ya skrubu kukalia. Zaidi ya hapo sina lawama.

Sasa nije kwa fundi, maana hapa ndipo palipo na somo.

Nilimpelekea waya, ndege na mchoro wangu. Mchoro ulikuwa na waya wa milimita 4, kwa sababu akili ya kawaida inasema kitu kikivunjika, kiongezee unene. Aliutazama, akabonyeza tumbo la ndege kwa kidole gumba, povu likabonyea, akasema: "Kaka, ukikaza sana huku chini, patapasuka huku juu. Acha mguu ucheze." Huyu ni mtu anayetengeneza springi za pikapu, rimoti hajawahi kuishika, na alikuwa sahihi kabisa. Hesabu zinamuunga mkono. Ugumu wa waya hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake. Waya wa milimita 4 ni mgumu zaidi ya mara tatu ya wa milimita 3. Mguu mgumu mara tatu haulegei ndege inapogusa chini, unaupeleka mshtuko wote tumboni, na tumbo ni povu. Uzito nao si mdogo: mguu wangu mzima unatumia kama sentimita 55 za waya, ambazo kwa milimita 3 ni gramu 30, kwa milimita 4 ni gramu 54.

Basi tukaacha waya wa milimita 3, nguvu tukaihamishia kwenye kueneza mzigo. Alikata plaiwudi ya milimita 3, upana wa sentimita 6 na urefu wa sentimita 9, akazungusha pembe zake zisikate povu. Mimi nikachonga tumbo la ndege kwa kisu chenye makali mapya hadi kibao kikakaa sawa na ngozi ya ndege, kisha nikakigundisha kwa epoksi ya mirija miwili, ile inayokauka taratibu. Ile ya dakika tano sikuitaka kwa kazi hii. Inaanza kuganda kabla hujamaliza kusawazisha kibao. Kabla ya kupaka nilitoboa povu matundu madogo kwa kijiti cha mshikaki, epoksi ikaingia ndani na kuota mizizi. Supaglu kwenye EPO haileti madhara makubwa, ila kwenye povu jeupe la maboksi inalila lote, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni.

Kukunja waya kulifanyika kwenye jiriwa, bila moto. Jirani yake wa karakana alikuja na tochi ya gesi kutaka kusaidia, fundi akamrudisha. Chuma cha springi ukikipasha hadi kiwe chekundu kinapoteza ule urudi wake, kinabaki waya wa kawaida. Alikunja kuzunguka pini nene badala ya kona kali ya jiriwa, kwa sababu kona kali ndipo waya hukatikia siku za usoni, na kila mkunjo aliupitisha kidogo zaidi ya pembe inayotakiwa ili ukiachiwa urudi mahali pake. Miguu miwili ikatoka sawa kwa macho na kwa rula. Upana kutoka tairi hadi tairi ni sentimita 28, yaani robo ya urefu wa mabawa, kipimo ambacho watu wa ndege za mfano hukipenda kwa sababu ndege haiyumbi ubavu ikikata kona chini.

Waya haukugundishwa popote. Umelala kwenye mfereji uliochongwa kwenye kipande cha mninga, umebanwa na vishikizo viwili, na kile kipande kimefungwa kwenye kibao kwa bolti nne za nailoni za milimita 3. Nailoni ni kwa makusudi. Gurudumu likiingia kwenye shimo la kwato, bolti zinakatika, miguu inabaki nyuma kwenye nyasi, tumbo linateleza, ndege ni nzima. Unaweka bolti nyingine, unaendelea. Ukifunga za chuma umerudi kulekule kwa kung'oa povu, safari hii pamoja na kibao. Nina mfuko wa bolti za nailoni kwenye sanduku la vifaa, na ndicho kitu cha bei rahisi kuliko vyote humo.

Uamuzi mkubwa zaidi ulikuwa kuondoa gurudumu la mbele kabisa na kuweka dogo mkiani. Najua wapo wanaolipenda la mbele, na siwalaumu. Cessna Caravan zinatua na gurudumu la mbele kwenye viwanja vya udongo vya Serengeti kila siku. Ila mguu wa mbele wa Caravan umejengwa kwa kazi hiyo. Wetu ni waya mwembamba uliounganishwa na sevo, yaani kimota kidogo kinachogeuza gurudumu, yenye meno madogo ya plastiki, na kila tuta linayasaga. Ndege za porini za zamani zilikuwa za gurudumu la mkiani, na mfano ninaoupenda ni ile Dornier Do 27 yenye michirizi ya pundamilia ambayo mtaalamu wa wanyama Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliitumia kuhesabu wanyama Serengeti mwishoni mwa miaka ya 1950. Pua juu, propela mbali na nyasi. Yangu nayo nimeipaka michirizi, na faida moja sikuitarajia: ikiwa mbali angani naijua imeelekea wapi.

Na lile wazo la mguu unaocheza si geni kwenye ndege kubwa. Mmarekani Steve Wittman ndiye aliyebuni mguu wa chuma cha springi usio na majimaji wala bawaba, na Cessna wakauchukua kwenye Cessna 120 na 140 za mwaka 1946. Fundi wangu alifika palepale kwa kupitia pikapu.

Ukihamia mkiani, mahali pa magurudumu makuu panabadilika, na hapa usikisie. Kwa gurudumu la mbele, magurudumu makuu hukaa nyuma kidogo ya kitovu cha uzito, yaani pale ndege inaposawazika. Kwa gurudumu la mkiani yanatakiwa mbele yake, kiasi kwamba ukiiweka ndege sawa, mstari kutoka kitovu cha uzito hadi tairi linapogusa chini unaelekea mbele kwa digrii 15 hadi 20 kutoka wima. Kwangu kitovu kiko sentimita 17 juu ya ardhi, hivyo matairi yako kama sentimita 5 mbele yake, karibu na ukingo wa mbele wa bawa. Yakirudi nyuma sana, ndege inabinuka ukiongeza mota. Yakienda mbele sana, inarukaruka ikitua na inataka kugeuka yenyewe.

Gurudumu la mkiani nimetengeneza kwa spoku ya baiskeli ya milimita 2. Spoku inapita kwenye kishikizo kilichofungwa kwenye bodi, na ncha yake tu ndiyo inayoingia kwenye usukani wa mkia, ikiwa na nafasi ya kucheza. Usiuachie usukani ubebe uzito, povu lake litachanika. Kumbuka pia kwamba gramu 8 mkiani, sentimita 55 nyuma ya kitovu, zinahitaji betri ya gramu 180 isogee mbele karibu sentimita mbili na nusu. Kwangu kuondoka kwa mguu wa mbele kuliongeza tatizo, kusogea mbele kwa magurudumu makuu kukalipunguza, na mwisho betri ilisogea kidogo tu. Pima mizani upya kabla ya kurusha, hata kama macho yanakuambia iko sawa.

Matairi yaliyokuja na seti ni mazuri, lakini kwa sasa natumia ya ndala. Kila mtoto wa huku aliyewahi kutengeneza gari la waya anajua tairi la ndala linavyoviringika. Nilichukua ndala nene, nikakata duara kwa kopo la chuma lililonolewa ukingo, nikagundisha mawili kwa pamoja kupata unene, nikatia kitovu cha bomba la kalamu, kisha nikalizungusha kwenye drili dhidi ya msasa hadi likawa mviringo kamili. Ni jepesi, miiba ya mgunga haina cha kulifanya, na likichakaa ndala nyingine ipo. Yale ya dukani nayaweka kwa siku ya kurushia mahali penye sakafu ngumu, maana yanaviringika kwa ulaini zaidi.

Ndege inaondokaje sasa? Vuta elevata (kibawa cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) nyuma mwanzoni ili mkia ukae chini, ongeza mota polepole, shika usukani wa kulia kidogo maana propela inaivuta pua kushoto, kisha legeza ili mkia uinuke wenyewe. Kwenye nyasi zilizokatwa inaondoka bila kuhangaika. Hewani matairi makubwa yanaongeza ukinzani chini ya bawa, pua inataka kushuka kidogo, nikarekebisha kwa mibofyo michache ya elevata. Kasi ya juu imepungua, na muda wa betri nao kidogo. Kwa ndege ya mafunzo hilo halinisumbui.

Gharama: seti na usafirishaji ilikaribia bei ya betri mpya, fundi alichukua kama nusu ya hapo pamoja na plaiwudi na mninga, na alinirudishia siku ileile. Kama unarusha kwa kutupa kwa mkono na kutua kwa tumbo kwenye nyasi ndefu, usinunue chochote, ng'oa miguu yote na uokoe gramu zake. Kama una lami, bakia na ya kiwandani. Mwenye uwanja kama wetu na aanze na kibao cha plaiwudi hata kabla ya kuagiza waya, kwa sababu spoku mbili za pikipiki zilizokunjwa vizuri zitamvusha wakati anasubiri mzigo. Zinapinda na kubaki zimepinda, lakini unazinyoosha kwa mkono palepale uwanjani na unarusha tena.