Kipimo cha maji ya uti wa mgongo Kisumu: kuchota safi, kuhifadhi bado

Kituo hiki cha Milimani kinawapima watu wanaoshukiwa kuwa na ALS, ugonjwa wa neva za mwendo. Kwenye kuchota maji ya uti wa mgongo, wanastahili sifa. Sindano yao ni geji 22 yenye ncha ya umbo la penseli, inayosukuma nyuzi za utando kando badala ya kuzikata, hivyo maji hayavuji sana na maumivu ya kichwa hupungua. Wanaichoma kati ya pingili ya tatu na ya nne ya kiuno, chini ya pale uti wenyewe unapoishia.

Shida huanza maji yakishatoka. Yanawekwa kwenye friji ya kawaida, chupa moja kubwa, yakingoja basi la jioni la kwenda Nairobi. Hiyo si kazi! Seli zinapasuka humo na kumwaga protini zake, kisha kipimo kinasoma takataka. Yanatakiwa kuzungushwa kwa sentrifuji, mashine ya kutenganisha seli, kwa nguvu mara 2000 ya mvutano wa dunia (2000 g) kwa dakika 10, ndani ya saa mbili, yagawanywe nusu mililita nusu mililita, yagandishwe nyuzi 80 chini ya sifuri na kusafiri kwa barafu kavu. Vichupa viwe vya plastiki ya polipropilini. Protini hunata kwenye kioo. Na seli nyekundu zikipita 500 kwa mikrolita, heri sampuli hiyo isipimwe protini zinazoashiria kazi ya kinga ya mwili, kwa sababu damu ina kingamwili mara mamia kuliko maji haya.

Ripoti nayo inaandika "ALS: chanya" kwa sababu kitotriosidasi na YKL-40, protini mbili za seli za kinga, ziko juu. Hapana. Kweli hupanda kwa wengi wenye ALS, seli za kinga za ubongo zinapochachamaa, lakini hupanda pia kwa uvimbe na maambukizi mengine. Nyurofilamenti nyepesi, protini itokayo ndani ya neva, huonyesha neva zinavyoharibika, haitaji jina la ugonjwa. Anayeutaja ni daktari wa neva, kwa kumpima mgonjwa mwilini na kwa kipimo cha umeme wa misuli.

Jambo lisilosameheka ni kuuza kifurushi hicho cha vipimo bila hesabu ya seli nyeupe, VVU wala kaswende. Seli zikizidi 5 kwa mikrolita, tafuta kwanza maambukizi, TB ikiwemo. VVU inaweza kuleta udhaifu unaofanana kabisa na ALS, na wapo waliopata nafuu kwa ARV. Ukienda, dai vipimo hivyo kwanza, na damu itolewe siku hiyo hiyo ili albumini, protini ya damu, ilinganishwe na ya maji hayo.